UBONGO HUCHAGUA WA KUMHURUMIA

Mtu akikanyaga mwiba mbele yako, mguu wako wewe ndio unaojikunja. Mtoto akichomwa sindano kliniki, mama ndiye anayefumba macho. Lugha yetu imezoea kuyaweka mambo haya moyoni. Twasema roho imeniuma, twasema fulani ana moyo wa jiwe, twamsifu jirani kuwa ni mtu wa huruma, kana kwamba huruma ni kitu alichozaliwa nacho kama urefu au rangi ya ngozi. Mwezi huu tuyatazame mambo hayo mahali yanapotendeka hasa, yaani ndani ya ubongo. Nami nina neno langu la kusema, ambalo huenda lisimpendeze kila mtu: huruma ni kitu chema, lakini ina upendeleo, na jamii inayoitegemea peke yake itawaacha wengi njiani.

Kwanza tuyaelewe maumivu yenyewe. Ukijigonga kidole kwa nyundo, habari hupanda kwa mishipa ya fahamu, hupita katika uti wa mgongo na kufika kwenye ubongo. Huko hupokelewa na sehemu kadhaa kwa pamoja. Baadhi ya sehemu hizo hupima: panauma wapi, ni kidole gani, kwa ukali wa namna gani. Nyingine hazijali ni kidole gani. Kazi yake ni kukufanya ukereke, uogope na kutaka jambo hilo likome mara moja. Kwa kuwa vyote viwili huja pamoja, sisi huviita kwa jina moja, maumivu.

Mwaka 2004 mtaalamu Tania Singer na wenzake huko London walichapisha uchunguzi uliovitenganisha. Waliwachukua wanawake 16 pamoja na wapenzi wao. Mwanamke alilazwa ndani ya mashine ya MRI, lile bomba kubwa la sumaku linaloweza kuonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi kwa wakati huo. Mwanamume aliketi kando yake. Kisha mkono wa mmoja wao, mara huyu mara yule, ulipigwa shoti ndogo ya umeme, na alama kwenye kioo ilimjulisha mwanamke ni zamu ya nani. Alipopigwa yeye mwenyewe, sehemu zote ziliamka, za kupima na za kukereka. Alipopigwa mpenzi wake, zile za kupima zilinyamaza, lakini za kukereka ziliamka.

Sehemu hizo za kukereka ni mbili hasa. Moja ni upande wa mbele wa insula, kipande cha gamba la ubongo kilichojificha ndani ya mkunjo mkubwa wa pembeni. Nyingine ni singulati ya mbele, ukanda ulioko katikati, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana. Basi yule mama wa kliniki haisikii sindano mkononi mwake, bali karaha ya sindano anaisikia kweli. Hajifanyi.

Jambo la kando, nalo linachekesha kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliomeza miligramu 1,000 za parasetamoli, yaani vidonge viwili vya kawaida, waliyaona maumivu ya watu wengine kuwa madogo kuliko walivyoyaona wale waliopewa kinywaji kisicho na dawa. Simshauri mtu aache Panadol kwa sababu hiyo. Kichwa kikiuma, meza.

SIMBA, YANGA NA MKONO WA ZAMBARAU

Kama habari ingeishia hapo, tungefurahi. Binadamu angekuwa kiumbe anayeumia pamoja na kila binadamu. Lakini Singer yuleyule aliendelea, na mwaka 2006 akatoa habari isiyopendeza. Safari hii watu walicheza kwanza mchezo wa fedha na wachezaji wawili waliopangwa, mmoja akicheza kwa haki na mwingine akidhulumu. Kisha wale wawili wakaumizwa kidogo mbele yao. Mwenye haki alihurumiwa na wote. Mbele ya yule mdhulumaji, huruma katika ubongo wa wanaume ilipoa sana. Tena zaidi ya kupoa, sehemu ile inayoamka mtu anapopata kitu kitamu iliamka, hasa kwa wale waliotamani kulipiza kisasi. Wanawake hawakuonyesha hivyo.

Mtu anaweza kusema, huyo mdhulumaji alijitakia. Haya, mwaka 2010 Grit Hein na wenzake wa Zurich waliwachunguza mashabiki wa mpira. Shabiki alipomwona wa timu yake akiumizwa, insula yake iliamka zaidi kuliko alipomwona wa timu pinzani. Walipoulizwa kama wangekubali kubeba sehemu ya maumivu ili yule mwingine apunguziwe, wengi walikuwa tayari zaidi kwa ajili ya wa kwao. Hawakudhulumiana chochote. Ni jezi tu. Hebu fikiria uchunguzi huo ungefanywa pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, siku ambayo Simba au Yanga imekuja kucheza.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ni wa Italia, wa mwaka huohuo wa 2010. Watu weupe na watu weusi wanaoishi huko walionyeshwa picha za mikono inayochomwa sindano, huku wataalamu wakipima jinsi mishipa ya mkono wa mtazamaji inavyoitikia. Mweupe aliitikia sindano ya mkono mweupe, mweusi aliitikia ya mkono mweusi, na mkono wa rangi ile nyingine haukuitikiwa hivyo. Kisha wakaletewa mkono uliotiwa rangi ya zambarau, ambao hakuna binadamu yeyote aliye nao duniani. Huo uliitikiwa! Maana yake, ugeni peke yake si tatizo. Watu wa zambarau hakuna aliyewahi kuwasengenya, wala hakuna mtoto aliyewahi kutishwa kwa jina lao. Kinachoizima huruma ni maneno yaliyotangulia kutiwa kichwani.

NJIA YA BAGAMOYO HADI UJIJI

Sisi wa Tabora hatuhitaji kwenda Zurich kuyaona haya, maana mji wetu umezaliwa na njia. Burton na Speke walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, walikuta Kazeh ya Unyanyembe ikiwa kituo kikubwa cha misafara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo, shanga na waya kutoka pwani, na pembe za ndovu kurudi, mzigo wa kilo 30 hivi begani, kwa miezi mitatu au zaidi. Katika njia hiyohiyo walipitishwa watumwa. Ndui ilisafiri pamoja nao. Burton na Speke walikutana njiani na misafara iliyopigwa na ndui, na waliona maiti kando ya njia. Aliyeshindwa kutembea aliachwa.

Ni rahisi kusema kwamba waliowaacha hawakuwa watu. Ukweli ni mgumu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1869 Livingstone aliugua mapafu vibaya sana huko magharibi ya Ziwa Tanganyika. Aliyemwokoa alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alimpa dawa, alimtengenezea machela, akaamuru abebwe mpaka ziwani, naye akafikishwa Ujiji mwezi wa Machi akiwa hai. Mtu huyo alijua kuuguza. Alimwona mgonjwa akikohoa naye akasumbuka, kama yule mwanamke wa London. Lakini katika msafara huohuo walikuwamo watu waliofungwa, na ubongo uleule haukuwaona kwa namna ileile. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye, akiwa Manyema, juu ya ugonjwa wa ajabu uliowaua watu huru waliotekwa na kutiwa utumwani. Hawakuwa na homa wala jeraha. Walipoulizwa panapouma waliweka mkono juu ya moyo.

Wala tusijidanganye kwamba hayo yalikuwa ya wageni tu. Msafara wenye njaa ulimpita mgonjwa wake, na vijiji vingi vilifunga malango yake mtu mwenye ndui alipokaribia. Kwa ndui, hofu hiyo ilikuwa na sababu ya haki.

Hata hivyo njia hiyohiyo ilizaa kitu kingine, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ni utani. Wanahistoria wengi wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na makabila ya kuelekea pwani, kama vile Wazigua, Wazaramo, Wakwere na Waluguru, na safari hizo za upagazi. Mnyamwezi aliyeugua Uzaramo hakuwa na shangazi huko, hakuwa na mjomba, wala lugha yake haikueleweka vizuri. Lakini alikuwa na mtani. Mtani alipaswa kumpa chakula na mahali pa kulala, na akifa, kumzika. Naye Mzaramo aliyefika Unyamwezi alikuwa na haki hiyohiyo.

Sasa tazama vizuri jinsi utani unavyofanya kazi, maana wengi leo wanafikiri ni matusi ya kuchekesha tu. Mtani haulizwi kama anaona uchungu. Pengine haoni kabisa! Msibani wenye marehemu wanalia, mtani anacheka, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anadai hela ndipo jeneza lipite. Huku mikono yake inafanya kazi za msiba. Ukimtia katika mashine ya MRI saa ile, huenda insula yake imelala fofofo. Haidhuru, mtu amezikwa. Wazee walikwishajua kwamba huruma haivuki mipaka ya kabila kwa urahisi, basi hawakuingojea. Waliweka wajibu mahali pake, wakautia kicheko ili usiwe mzigo.

Na wajibu huo haukubaki mikononi tu. Mwaka 2016 Grit Hein na wenzake walitoa uchunguzi mwingine. Watu wa Uswisi walisaidiwa na watu wa jamii ambayo kwa kawaida hawakuipenda, yaani waliokubali kutoa fedha ili kuwaepusha na maumivu. Baada ya kusaidiwa hivyo mara chache tu, insula zao zilianza kuamka kwa maumivu ya watu wa jamii hiyo, hata kwa wale ambao hawakuwa wamewasaidia. Tendo lilitangulia, huruma ikafuata nyuma. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa utani: baba akizikwa na Wazigua, wanawe hawatawaona Wazigua kama zamani.

Ndivyo pia ilivyokuwa, kwa namna nyingine, kwa Dakta Adrien Atiman wa Karema. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akafika Karema kwa njia ya misafara mwaka 1889. Hakuwa Mfipa wala Mbende, kwao ni mbali sana. Aliwatibu watu wa kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956.

YA LEO

Misafara ilikwisha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wakaweka mizigo chini. Lakini kuachwa kando ya njia hakukuisha. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa, Tabora ikiwamo, tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi. Mama aliyepikia kuni kwa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu, na anayestahili kuulizwa juu yake ni mganga wa macho, si mpiga ramli. Tangu miaka ya 2006 na 2007 yakafuata mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyo. Wauaji na wanunuzi walikuwa na neno lao kwa watu hao. Waliwaita "dili".

Turudi kwenye mkono wa zambarau. Neno kama hilo, likisemwa kwa mzaha kijiweni, linafanya kazi yake ndani ya ubongo wa anayelisikia, hata kama hatashika panga maishani mwake. Linamtayarisha kutosumbuka. Mimi huliona jambo hili kuwa ni la afya sawasawa na maji machafu.

Tuje wodini, ambako malalamiko ni mengi. Wasomaji huuliza kwa nini muuguzi amkemee mama mwenye uchungu wa uzazi, kana kwamba hasikii anavyolia. Sehemu ya jibu ilipatikana Taiwan mwaka 2007. Madaktari wanaotibu kwa kuchoma sindano walilinganishwa na watu wa kawaida, wote wakitazama sindano zikiingia mwilini. Watu wa kawaida, insula iliamka. Madaktari, ilikaa kimya, na badala yake ziliamka sehemu za mbele za ubongo zinazotuliza na kupanga. Hiyo ni akili, si ubaya. Daktari anayetetemeka kwa kila sindano atakosea mshipa. Na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi usiku kucha, kama angeumia na kila mmoja wao, asingefika asubuhi.

Wataalamu wamelipima hilo pia. Katika uchunguzi wa Olga Klimecki, Singer na wenzao, watu waliofundishwa kuumia pamoja na wanaoteseka walizidi kuwa na huzuni. Baadaye walipofundishwa jambo tofauti, yaani kumtakia mema anayeteseka na kuwa tayari kumsaidia, huzuni ilipungua, na sehemu nyingine za ubongo ziliamka, zile zinazohusika na mapendo na furaha. Kuumia na kutaka kusaidia ni njia mbili tofauti kichwani. Kwa hiyo anayewaambia wauguzi wetu "oneni uchungu zaidi" anawapa dawa isiyo yake. Wengi wao waliona uchungu mwingi mno katika miaka ya kwanza ya kazi, ndipo wakajifunga ngozi ngumu.

Wafanye nini basi? Mfano mzuri uko Tanga. Katika wilaya za Korogwe na Muheza watafiti waliwauliza wanawake waliojifungua. Walipokuwa wakitoka tu, asilimia 19 walisema walitendewa bila heshima au kwa ukali. Walipoulizwa tena wakiwa nyumbani, wiki kadhaa baadaye, idadi ilifika asilimia 28. Naamini hesabu ya nyumbani, maana mlangoni kwa mganga nani atasema? Kisha huko Korogwe watu wa vijiji na wafanyakazi wa afya waliketi pamoja, wakaandika mkataba wa huduma: mama atapewa nini, na mfanyakazi naye anastahili heshima gani. Hospitali ikatengeneza mambo yake madogo, kama mapazia ya kuficha utupu wa mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66, ukilinganisha na Muheza ambako mkataba haukuwekwa. Hakuna aliyewahubiria wauguzi kuwa na moyo laini. Waliketi, wakapatana, wakaandika. Mtu wa njia ya misafara angewaelewa mara moja.

Tunaweza kufanya hivyo hapa kwetu, katika zahanati, katika kata, hata katika jumuiya ndogondogo. Kila mahali watajua la kuandika kwanza. Kwa Tabora, kwa maoni yangu, la kwanza lingekuwa la mgonjwa asiye na ndugu. Twamjua sote. Ni yule aliyeshushwa kwenye treni akiwa hoi, au mchungaji wa ng'ombe aliyeletwa kwa baiskeli na mtu aliyeondoka palepale. Saa ya kuingia wageni ikifika, vikapu na chupa za chai vinapita kando ya kitanda chake kwenda vitanda vingine, maana kila mmoja amemletea wa kwake. Iandikwe basi, kwa majina na kwa siku, nani ataleta uji wake Jumatatu, nani Jumanne, na akifa nani atachimba.